MAONI: Kaunti zisitoze karatasi ya dirishani kama bango la barabara kuu

Ukitaka kujua hali ya uchumi mtaani kwako, soma madirisha. "Chapati 20 bob." "Tunarekebisha simu." "Tunasuka nywele, panda ghorofa ya pili." Karatasi moja, kalamu ya wino mzito na selotepu, basi biashara imefunguliwa. Kijana asiye na pesa za kukodi duka linaloangalia barabara, hayo maandishi ndiyo yanamletea wateja.

Hapo ndipo wengi hukutana na kanjo. Leseni ya biashara umelipa, kodi ya chumba umelipa, kisha unaambiwa kuna ada nyingine ya tangazo. Unauliza tangazo lipi, unaonyeshwa ile karatasi.

Kabla hujatukana mtu, jua sheria imesimama wapi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje, pamoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kwa hivyo kanjo hajajitungia kazi. Viwango vya ada navyo huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ndiyo maana unacholipa wewe Thika huenda sicho anacholipa mwenzako Kisumu.

Na si uongo, udhibiti tunauhitaji. Bango la chuma lililofungwa ovyo linaweza kumwangukia mpita njia. Lililowekwa kwenye kona linamziba dereva. Sote tumechoka na nguzo za stima zilizojaa karatasi za waganga wanaorudisha wapenzi na mali iliyopotea. Tena ukisimamisha kibao chako kando ya barabara, huenda umeingia katika hifadhi ya barabara, na hapo kuna mamlaka nyingine kama vile KeNHA au KURA ambazo zinaweza kukiondoa hata kama kaunti ulishailipa.

Lakini kudhibiti ni kutofautisha. Karatasi iliyobandikwa ndani ya kioo chako mwenyewe, ikisema kinachouzwa humo humo, haimzibi dereva wala haimwangukii mtu. Kuiweka kapu moja na bango la barabara kuu ni kumtoza mwenye baiskeli ada ya lori.

Mimi naona kaunti zigawe matangazo mafungu matatu. La kwanza ni maandishi madogo dirishani au mlangoni yanayohusu biashara iliyo ndani. Hayo yasilipiwe, mradi hayapiti ukubwa utakaotajwa kwa vipimo. La pili ni matangazo ya muda, kama ofa ya mwisho wa mwezi, chumba cha kupangisha, harambee au mechi ya mtaa. Nayo yasilipiwe, ila yawe na tarehe ya kuondolewa, na asiyeyaondoa ndiye apigwe faini. La tatu ni mabango makubwa ya kudumu na matangazo ya bidhaa za kampuni. Hayo yalipe, na yalipe vizuri.

Hili si jambo geni duniani. Uingereza, tangazo la muda la hafla ya mtaa, ya shule kwa mfano, linaruhusiwa bila kuomba kibali mradi lisizidi mita 0.6 za mraba. Unaweza kuliweka siku 28 kabla ya hafla, na lazima uliondoe ndani ya siku 14 baada ya kumalizika. Nambari tatu tu, na kila mtu anaweza kujipimia mwenyewe bila kumbembeleza askari.

Hata hapa kwetu mambo yameanza kusogea. Nairobi ilianzisha leseni ya pamoja mwaka 2023, inayounganisha kibali cha biashara, cha zimamoto, cha afya na cha tangazo katika malipo ya mara moja. Ni hatua nzuri, maana inapunguza foleni. Lakini kuunganisha ada si kusema ni nani asiyestahili kuitozwa.

Najua kaunti zitajibu kwamba zinahitaji pesa. Sawa, lakini tufanye hesabu. Kijana akibandua tangazo, wateja wanapungua. Wateja wakipungua, mwakani haji kulipia leseni tena. Kaunti imepata vijisenti leo na kupoteza mlipaji wa miaka kumi. Na pale ambapo kanuni haieleweki, pesa nyingi hata hazifiki kaunti. Zinaishia mfukoni mwa anayekuambia "tusaidiane hapa hapa".

Kuna pia suala la usawa. Nyuso za waliowania viti mwaka 2022 zilikaa kwenye kuta na nguzo muda mrefu baada ya kura kuhesabiwa. Ikiwa sheria inaweza kumvumilia mwanasiasa, imvumilie na kinyozi.

Sasa wewe ufanye nini? Kwanza, usilipe mkononi. Omba kuonyeshwa kiwango katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na udai risiti rasmi. Ukinyimwa maelezo, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inataka ombi lako lijibiwe ndani ya siku 21. Andika barua, na nakala ubaki nayo.

Pili, kampuni ikija kukupakia duka rangi zake bure, usifurahie mapema. Uliza nani atalipa ada ya kaunti kwa tangazo hilo kubwa, na jibu liwe kwa maandishi. La sivyo, wao watapata tangazo nawe utapata bili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hudhuria vikao vya maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti. Bunge la kaunti linapaswa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi, kwa hivyo nafasi hiyo haikai wazi mwaka mzima. Vijana tunajua kulalamika mitandaoni ada zikishaanza kutozwa, lakini ukumbi wa kutoa maoni tunawaachia wazee na wenye mabango makubwa.

Nenda na ombi moja lililo wazi: maandishi ya dirishani yasiyozidi kipimo fulani yasitozwe ada. Mwambie diwani wako alisome kikaoni, na umuulize msimamo wake mbele ya watu. Mwaka 2027 atakuja kutafuta ukuta wa kubandika picha yake, na huenda ukawa wa duka lako.