Tetesi za kompyuta mpya: Kusubiri nako kuna gharama

Kijana mmoja anayeendesha duka la stesheneri hapa Nyegezi, kwenye njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), alinisimamisha hivi karibuni akitaka ushauri. Kompyuta yake ya kuchapia kazi za wanafunzi imechoka. Fedha za kununua nyingine anazo. Lakini amesikia kwamba kampuni moja kubwa ya nje iko mbioni kutangaza kompyuta mpya ya bei nafuu, na wenzake wanamwambia avute subira. "Mtaalamu, nisubiri au ninunue?" aliniuliza.

Swali hilo si la wenye stesheneri peke yao. Mkulima wa dengu kule Misungwi hujiuliza hivyo hivyo anapoambiwa bei itapanda mwezi ujao. Mfanyabiashara wa dagaa naye hujiuliza anapopigiwa simu kwamba mnunuzi mkubwa yuko njiani. Katika uchumi jambo hili huitwa matarajio: mtu anaamua leo kwa kutumia bei anayodhani itakuwapo kesho. Tatizo ni kwamba kesho hiyo huletwa na watu wengine, na mara nyingi kwa njia ya tetesi.

Hebu tuangalie jinsi tetesi za kompyuta zilivyowahi kwenda.

Novemba 2005, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis, Nicholas Negroponte wa Marekani, akiwa pamoja na Kofi Annan, alionyesha kompyuta mpakato ndogo iliyolengwa kuuzwa kwa dola 100. Ilikuwa na mpini wa kuzungusha kwa mkono ili kupata umeme. Afrika nzima ilisikia habari za "kompyuta ya dola 100". Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa 2007, bei ilikuwa karibu dola 190, mpini haukuwapo tena, na haikulengwa kuuzwa madukani bali kununuliwa na serikali na wafadhili kwa ajili ya shule. Rwanda ilinunua nyingi. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyekuwa akiisubiri hakupata kitu.

Hata hivyo, tetesi ile haikuwa ya uongo mtupu. Mwaka huo huo wa 2007 kampuni ya Asus ilitoa kompyuta ndogo ya bei ya chini iliyoitwa Eee PC, na kampuni nyingine zikafuata. Bei za kompyuta ndogo zilishuka kweli, ila kupitia bidhaa nyingine.

Mfano wa pili ni wa Apple. Kwa miezi mingi kabla ya Januari 2010 watu walibashiri kwamba kampuni hiyo ingetoa kompyuta ya kibao. Wengine waliipa jina la iSlate, na wengi walikisia bei inayokaribia dola 1,000. Tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs aliitangaza kwa jina la iPad, bei ikianzia dola 499. Lakini hata Marekani kwenyewe haikuanza kuuzwa hadi Aprili 3.

Wa tatu ni wa jirani zetu. Katika kampeni za mwaka 2013 nchini Kenya, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wanaoanza darasa la kwanza 2014. Zabuni ikaingia kwenye mgogoro na kufutwa. Vifaa vilianza kusambazwa shuleni mwaka 2016, navyo vilikuwa vya kibao, si kompyuta mpakato. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2014 alikuwa tayari yuko darasa la tatu.

Ukiiweka mifano hii mitatu pamoja utaona jambo moja. Tetesi huweza kupatia mwelekeo, lakini hukosea tarehe, bei, au bidhaa yenyewe. Na mwenye duka hali mwelekeo. Anakula tarehe na bei.

Tufanye hesabu

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kompyuta anayoihitaji inauzwa Sh 600,000, na kwamba ikifanya kazi vizuri itamwingizia faida ya Sh 8,000 kwa siku. Akisubiri miezi mitatu, yaani siku 78 za kazi, anapoteza Sh 624,000. Hata kama kompyuta mpya itakuja na punguzo la Sh 200,000, bado atakuwa amepata hasara ya Sh 424,000.

Hali inabadilika chuo kikifungwa. Faida ikishuka hadi Sh 1,500 kwa siku, kusubiri siku hizo 78 kunamgharimu Sh 117,000. Punguzo la Sh 200,000 linaonekana kubwa kuliko hasara hiyo. Lakini jiulize, tetesi kama hizi hutimia mara ngapi? Ukisema nusu, basi thamani ya punguzo hilo kwako leo ni Sh 100,000, si 200,000. Hapo kusubiri kunashindwa tena. Kila mtu aweke takwimu za duka lake. Kanuni ni ile ile.

Kwa muuzaji wa kompyuta, hatari ni tofauti. Mwaka 1983 kampuni ya Osborne ya Marekani ilianza kusifia modeli mpya kabla haijawa tayari. Wauzaji wakapunguza oda za ile ya zamani, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika, ingawa ushindani nao ulichangia. Tetesi zikivuma, wateja husita na mzigo hudoda. Kwa hiyo asiyejua kesho asijaze stoo: chukua kompyuta tatu, uza, rudi uchukue nyingine, hata kama bei ya jumla ya kumi inavutia. Na usitangulize fedha kwa mtu anayekuahidi bidhaa ambayo mtengenezaji mwenyewe hajaitangaza.

Wakulima wa mbaazi wanaijua hatari hii. Bei nzuri za miaka iliyotangulia ziliwavutia wengi kupanua mashamba. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei zikaporomoka.

Tetesi si sawa na kalenda

Tusichanganye mambo mawili. Mvuvi wa dagaa ziwani anajua kwamba mbalamwezi ikifika uvuvi utasimama, dagaa watapungua, na bei itapanda. Hiyo si tetesi, ni kalenda. Anayejiandaa kwa mbalamwezi anapanga biashara. Anayejiandaa kwa mnunuzi wa kwenye simu anabahatisha.

Kompyuta nazo zina kalenda yake. Microsoft ilitangaza mapema kwamba huduma ya kawaida kwa Windows 10 ingekoma 14 Oktoba 2025, na ikakoma. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo, lakini bila marekebisho ya usalama hatari ya virusi huongezeka, na nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hiyo anayenunua kompyuta ya mtumba leo aulize kwanza: inakubali Windows 11? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko tetesi kumi za bidhaa mpya.

Nilimshauri kijana yule anunue sasa, iliyotumika lakini inayokubali Windows 11, kwa kuwa wanafunzi wako chuoni na kazi ipo. Ile mpya ikija kweli kwa bei ya chini, ataikuta akiwa na faida mkononi ya kuinunulia. Isipokuja, hatakuwa amepoteza siku hata moja.