Tairi la spea lisikae na watoto

PANCHA ikitokea njiani kati ya Handeni na Korogwe, familia nyingi huona tatizo limekwisha nati ya mwisho inapokazwa. Jeki inashushwa, baba anafuta mikono kwa majani, watoto wanaitwa warudi ndani. Lile tairi lililotoboka linasukumwa popote penye nafasi: juu ya mabegi, nyuma ya kiti cha mwisho, au pale chini watoto wanapoweka miguu. Safari inaendelea, na hatari mpya imeshapanda garini.

Tairi la Noah au Hiace likiwa na rimu yake lina kilo kati ya 15 na 20 hivi. Mama anayelinyanyua anajua uzito huo. Asichokijua ni jinsi unavyobadilika gari likigonga kitu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda mwendo huohuo. Gari likigonga lori linasimama, lakini tairi lisilofungwa linaendelea mbele hadi likutane na kitu cha kulizuia. Kama mbele yake amekaa mtoto, kitu hicho ni yeye. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, pigo hilo ni sawa na kuangukiwa na tairi kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 urefu huo unafika mita 25.

Mtoto wa miaka mitatu kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na shingo yake haijakomaa. Pigo ambalo mtu mzima angetoka nalo na mbavu zilizovunjika linaweza kumuua.

Lami ya takriban kilomita 65 inayounganisha miji hiyo miwili imefupisha safari, lakini pia imeongeza mwendo. Zamani vumbi na makorongo vilimlazimisha dereva kwenda taratibu. Siku hizi anayetoka Chanika asubuhi anataka awahi basi kubwa pale Korogwe, na mguu hautoki kwenye mafuta.

Lakini kwa nini tairi linaishia ndani? Sababu ya kwanza ni wizi. Spea iliyoning'inizwa chini ya gari huibwa, basi wengine wanaona heri walale nayo. Ya pili ni kutu: mnyororo au waya unaoishikilia umeganda kwa tope, fundi akaukata, haukurudishwa tena. Ya tatu ni gesi. Magari mengi yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia Dar es Salaam yamewekewa mtungi kwenye buti, mara nyingi pale pale palipokuwa pa spea, na yanapokuja Tanga wakati wa sikukuu yamejaza watu, mizigo na tairi lisilo na makao.

Ya nne huwashtua wengi wakiwa tayari porini. Magari madogo mengi kutoka Japani huja na spea nyembamba ya muda. Shimo lake kwenye buti limetengenezwa kwa wembamba huohuo, kwa hiyo tairi kubwa lililotoka pancha haliingii. Hapo linawekwa kwenye kiti, pembeni ya mtoto. Na spea yenyewe nyembamba haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Imeandikwa ubavuni, ila nani huisoma?

Hata Wazungu wenye magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, hawajaepuka shida hii. Mengi huuzwa bila spea kabisa, mnunuzi akapewa dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo ya umeme. Anayetaka tairi kamili lazima atafute mwenyewe mahali pa kulifunga, na wengi huishia kulifunga nje, nyuma ya gari, kwa chuma na nati.

Kama hakuna njia isipokuwa kulibeba ndani, lilazwe chini, lisisimamishwe. Likae kwenye sakafu ya buti, likiegemea kabisa mgongo wa kiti, kisha mkanda wa kufungia mizigo upitishwe kwenye matundu ya rimu na kukazwa kwenye ndoano za sakafuni. Kamba ya manila iliyochakaa kwa jua haitoshi. Kiti kilicho mbele yake kisikaliwe na mtoto. Gari likiwa limejaa kiasi kwamba hakuna kiti cha kuacha wazi, tairi liachwe kwa fundi pancha wa karibu, lifuatwe siku nyingine. Nauli ya bodaboda ya kulifuata ni ndogo kuliko gharama ya kulaza mtoto hospitali.

Kwa magari ambayo spea hukaa chini, hapo ndipo mahali pake bora, ilimradi paangaliwe. Angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ishushwe, tope lioshwe, mnyororo upakwe grisi na upepo upimwe. Waya uliooza ukikatika barabarani, anayekutana na tairi hilo ni bodaboda aliye nyuma, pengine kapakia wanafunzi wawili. Dhidi ya wizi kuna kufuli za kufungia spea. Ikishashushwa, soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika, na watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10.

Wakati wa kubadilisha, watoto washuke wote kabla jeki haijapanda, wasimame mbali na lami wakiwa na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine. Wasikae mbele wala nyuma ya gari. Matawi ya tahadhari na mawe ya kuzuia gurudumu yaondolewe kabla ya kuondoka. Jiwe linaloachwa barabarani usiku humsubiri mwingine.

Likifika nyumbani, tairi hupata hatari nyingine. Huegemezwa ukutani au hutupwa chini ya mwarobaini, mvua inanyesha, maji yanatuama ndani. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda maji ya namna hiyo, na kwenye joto la huku yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku 10. Maji yakikauka mayai hayafi. Husubiri miezi kadhaa mvua nyingine. Mbu huyu huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza uani, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Mwaka 2019 dengi ilipolipuka Dar es Salaam, mkoa wa Tanga nao ulikuwa na wagonjwa.

Tairi liwekwe stoo au chini ya paa. Lile bovu ambalo watoto wamelifanya bembea litobolewe matundu upande wa chini ili maji yasikae. Na mtoto akipata homa kali, kichwa kinauma nyuma ya macho na viungo vinauma, apelekwe kituo cha afya hata kama kipimo cha malaria kimesoma hana. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kuonwa na daktari, kwani kwa mgonjwa wa dengi dawa hizo zinaweza kuongeza kuvuja damu. Parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, na maji ya kunywa mengi, vinatosha kumfikisha hospitali.