Kuna Mashimoni Mbili, na atan Haizijui

Leo nataka tuongee juu ya kosa dogo la hesabu linaloingia kirahisi sana katika programu za ramani, na ambalo naona tunalichukulia kwa wepesi mno. Msiogope, hesabu yenyewe ni ya shule ya upili, na mfano wake uko hapa hapa Nairobi.

Chukua nukta ya kuanzia pale kwenye sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Unataka kumwelekeza mtu hadi Mashimoni, kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Kwa kukadiria, ni kilomita 4 magharibi na kilomita 3 kusini mwa sanamu. Kwa kuwa mashariki na kaskazini huhesabiwa chanya, tunaandika x = -4 na y = -3. Kazi ni kugeuza namba hizo mbili ziwe umbali na pembe, maana mtu anayetembea anauliza "ni mbali kiasi gani?" na "ni upande gani?", haulizi x na y.

Umbali hauna ubishi. Pythagoras anatupa 16 + 9 = 25, kipeuo chake cha pili ni 5. Kilomita 5, basi.

Matata yako kwenye pembe. Kanuni ambayo wengi tumekaririshwa ni hii: gawanya y kwa x, kisha tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo. Haya, -3 gawanya kwa -4 ni 0.75. Kikokotoo kinajibu nyuzi 36.87. Pembe hii hupimwa kuanzia mashariki kuelekea kaskazini, kwa hiyo nyuzi 36.87 ni upande wa kaskazini-mashariki. Fuata mwelekeo huo kilomita 5 na hutaiona Kibera. Utatokea pande za Mathare. Na kibaya zaidi, Mathare nayo ina kijiji kinachoitwa Mashimoni! Mtu anaweza kuuliza njia, akajibiwa "ndiyo, Mashimoni ni hapa", kumbe yuko kilomita 10 kutoka alikotakiwa.

Kikokotoo hakina kosa. Kosa ni letu sisi tuliogawanya. Hasi mbili zikigawanywa zinafutana, na zile alama za hasi ndizo zilizokuwa zinasema "magharibi" na "kusini". Tumeitupa habari kisha tunaidai. Fanksheni ya atan ikipewa 0.75 haina namna ya kujua kama ilitoka kwa 3 na 4 au kwa -3 na -4. Inachagua jibu lililo kati ya nyuzi -90 na 90, yaani nusu ya mashariki peke yake. Kawangware je? Iko karibu moja kwa moja magharibi, kama kilomita 8, na y yake ni karibu sifuri. atan itakupeleka Eastlands. Kwa atan, magharibi mwa Moi Avenue hakuna Nairobi.

Dawa ipo na ni rahisi. Ukifanya kwa mkono, angalia alama ya x kwanza. Ikiwa hasi, ongeza nyuzi 180: 36.87 + 180 = 216.87, na hapo ndipo Mashimoni ya Kibera ilipo. Ikiwa x ni sifuri usigawanye kabisa, maana jibu ni kaskazini au kusini tu. Ukifanya kwa programu, tumia atan2, ambayo inapokea y na x kila moja na alama yake. Iko katika C, Java, PHP, Python na JavaScript. Itakupa radiani -2.498, yaani nyuzi -143.13. Ongeza 360 unapata 216.87 ile ile.

Tahadhari mbili. Lugha hizo zinataka y itangulie, lakini Excel inataka x itangulie. Na dira haipimi kama vitabu vya hesabu: inaanzia kaskazini na kuzunguka kama mshale wa saa. Kwa dira, Mashimoni iko nyuzi 233.13. Toa 216.87 kwenye 450 utaona.

Najua kuna watakaosema, "Aah, siku hizi maktaba za programu zinafanya yote hayo." Sikubaliani nao. Maktaba haiwezi kurudisha alama uliyoifuta kabla ya kuiita. Tena anayejaribu programu yake kwa nukta moja tu, iliyo kaskazini-mashariki, ataiona inafanya kazi vizuri kabisa. Msimamo wangu ni kwamba programu yoyote ya mwelekeo ijaribiwe kwa nukta nne, moja kila robo, na kwa safari ya kwenda na kurudi. Kanuni ya kugawanya inatoa nyuzi 36.87 ukitoka mjini kwenda Kibera, na 36.87 ile ile ukitoka Kibera kwenda mjini. Njia ya kwenda na ya kurudi haziwezi kuwa na mwelekeo mmoja! Jaribio hilo moja lingefichua kosa kwa dakika mbili.

Kwa nini ninalikazania? Kwa sababu Kibera nyumba nyingi hazina anwani ya barabara na namba. Hadi mwaka 2009 mtaa huo ulikuwa karibu tupu kwenye ramani nyingi za mtandaoni. Mwaka huo vijana wa Kibera, katika mradi wa Map Kibera ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, walipita vichochoroni kwa miguu na vifaa vya GPS, wakaweka njia, zahanati, shule na vyoo kwenye OpenStreetMap. Nukta hizo zimegharimu jasho. Dereva wa ambulensi au mtu wa boda anayetafuta mgonjwa usiku anategemea nukta hiyo na mshale unaomwonyesha upande. Walioitafuta nukta wamefanya sehemu yao. Sisi tunaoandika programu tumebakiwa na kazi ndogo ya kulinda alama ya hasi, na tukishindwa hata hiyo hatuna cha kujitetea.

Kwa hiyo wadau, kabla hujalala leo, fungua programu yako uangalie kama kuna mahali umeandika atan(y/x). Ukipata, badilisha. Jioni njema.