Asili ya Tairi si Umri Wake

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa haiwatoki vinywani wapenzi wa magari ya kale. Mwenye Land Rover ya miaka ya hamsini atakueleza kwa fahari kwamba bodi ni ile ile, injini ni ile ile, na hata matairi ni yale yale yaliyotoka nayo kiwandani. Makala haya yanashikilia kwamba katika hilo la mwisho methali hutumiwa ndivyo sivyo. Asili ya tairi imo katika kipimo na muundo wake. Haimo katika umri wa mpira. Anayeyachanganya mambo haya mawili huyatia maisha ya watu hatarini kwa kisingizio cha kuhifadhi historia.

Tuanze na historia yenyewe. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani iliunda zaidi ya jeep 600,000 katika viwanda vya Willys na Ford. Baada ya vita, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikuwa akitumia mojawapo ya jeep hizo shambani kwake huko Anglesey, nayo ndiyo iliyomchochea kubuni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa umma jijini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kipimo cha kawaida cha matairi ya magari hayo mawili kilikuwa 6.00-16, yaani upana wa inchi 6 na rimu ya kipenyo cha inchi 16. Land Rover ndefu za baadaye zilivishwa 7.50-16.

Matairi hayo yalikuwa membamba, marefu na yenye tyubu. Nyuzi zake zilipishana kimshazari, safu juu ya safu, mithili ya miyaa ya jamvi. Tairi la radiali, ambalo Michelin iliipatia hataza mwaka 1946, lina muundo tofauti. Nyuzi zake huvuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha ukanda imara huzizunguka chini ya meno. Tofauti hii huonekana hata kwenye maandishi ya ubavuni: 7.50-16 ni la mshazari, 7.50R16 ni la radiali.

Yamkini msomaji atauliza: kuna haja gani ya kukiheshimu kipimo cha kale? Haja ipo. Kwanza, usukani wa magari hayo hauna msaada wa injini. Tairi pana huufanya uwe mzito kupita kiasi. Pili, ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zinajulikana kwa kukatika, na tairi kubwa huziongezea mzigo. Tatu, gia na spidomita zilipangwa kulingana na mzunguko wa tairi. Ukivisha tairi kubwa zaidi, spidomita itakudanganya kwamba unakwenda polepole kuliko unavyokwenda. Kwa hivyo, anayelivisha gari la mwaka 1955 matairi mapana ya kisasa ili lipendeze machoni, huyo kweli ameiacha asili, na gari litamdai.

Hata hivyo, kuheshimu kipimo si kuabudu mpira mkongwe. Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama ghalani. Oksijeni na ozoni huushambulia taratibu hadi ukakauka na kupasuka ubavuni. Fauka ya hayo, meno ya tairi yaweza kuwa marefu kama ya jana, ilhali nyuzi za ndani zimekwisha kuoza. Hapo ndipo hadaa ilipo. Tairi kipara humwonya kila mwenye macho, lakini tairi kuukuu lenye meno kamili humlaghai hata mjuzi.

Umri wa tairi haukisiwi, husomwa. Tangu mwaka 2000, tarehe ya kuundwa kwake huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kabla ya hapo zilikuwa tarakimu tatu. Basi mwenye tairi la tarakimu tatu anayejigamba barabarani anajigambia hatari. Uingereza ilipiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Februari 2021, matairi yaliyopita miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Ni kweli kwamba sheria hiyo iliyasamehe magari yenye miaka 40 na zaidi yasiyofanya biashara. Lakini msamaha wa sheria hauufanyi mpira uwe mchanga.

Wapo watakaosema kwamba matairi ya vipimo hivyo hayapatikani tena. Hoja hii haina mashiko. Kipimo cha 7.50-16 kingali kinaundwa, kwani malori madogo na Land Cruiser nyingi za kazi hukitumia. Hata matairi ya jeep yenye meno ya mtindo wa kijeshi bado huundwa upya. Mwenye gari anaweza kupata tairi jipya lenye sura na kipimo cha kale. La muhimu ni kwamba asichanganye: radiali mbele na mshazari nyuma ni mchanganyiko wa hatari.

Mjadala huu si wa matajiri wa Ulaya pekee. Mnamo Oktoba 2024, zaidi ya Land Rover 1,000 zilikusanyika Arusha. Nasi hapa Kenya tuna Maralal, ambako Land Rover kuukuu zimebeba abiria na mizigo kwa miongo mingi katika barabara za mawe. Huko gari la kale si pambo. Ni riziki, na abiria aliyekaa nyuma hana habari ya methali zetu. Isitoshe, magari hayo yameishi maisha yao hapa. Kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichokuwa cha Firestone na hatimaye cha Sameer Africa chenye chapa ya Yana, kiliacha kuunda matairi mwaka 2016. Je, Land Rover iliyovaa Yana miaka ishirini katika nchi ya Wasamburu imepoteza asili yake? Hasha! Tairi ni kiatu cha gari. Liliundwa likijulikana kwamba litakwisha.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kutuamulia. Asili ni chanzo cha kitu. Kuukuu ni kilichochakaa. Kitu chaweza kuwa vyote viwili, lakini neno moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine. Sisi tunaosomea lugha hii tuna wajibu wa kuilinda tofauti hiyo pale uhai unapoitegemea.

Rai yangu ni hii: tairi la kwanza likizeeka, lipigwe picha, maandishi yake yanakiliwe, kisha lishushwe. Likitakiwa kwenye makumbusho, livishwe gari lisilotembea. Lisipotakiwa, mafundi wa akala watalipokea kwa mikono miwili. Abiria naye apewe tairi jipya lenye kipimo cha kale.