Kuokota taka peke yake hakutoshi

Ijumaa moja msimu wa baridi uliopita, shemeji yangu alitualika kashta nje ya Riyadh, njia ya kwendea Rawdat Khuraim. Magari manne, watoto kumi na mmoja, mishikaki, hema, birika la kahawa. Jioni kabla hatujaondoka akatoa mifuko myeusi, akawapanga watoto mstari, wakaokota kila kitu mpaka visoda. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, umeona? Tumepaacha kama tulivyopakuta."

Nikatazama chini. Alama za magurudumu zilikuwa kila upande, maana vijana walishinda wakizungusha magari juu ya majani mabichi yaliyoota baada ya mvua. Penye moto palikuwa na jivu la mti wa talh uliokatwa pale pale. Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni wake, na nimekula nikashiba. Basi nasema leo.

Taka ni mbaya, hilo sina ubishi nalo. Lakini taka ya leo hata kesho inaokoteka. Gurudumu haliokoteki. Riyadh hupata kama milimita 100 tu za mvua kwa mwaka mzima. Unguja hupata zaidi ya mara kumi ya hizo. Rawdha ni bonde ambamo yale maji machache hukusanyika, na mbegu hulala mchangani zikiyangojea. Mvua ikinyesha, majani yana wiki chache tu za kuota, kutoa maua na kudondosha mbegu kabla joto halijarudi. Ukipita na Land Cruiser katika wiki hizo umeponda majani ya mwaka huu pamoja na mbegu za mwaka ujao.

Halafu kuna ule udongo wa juu. Jangwa ambalo halijakanyagwa lina gamba jembamba, kama ukoko wa wali, na gamba hilo ndilo linaloshikilia vumbi. Ukilivunja, upepo unachukua kilicho chini. Sisi hao hao ndio tunaofunga madirisha mwezi wa nne tukilalamikia ghubari.

Shemeji ana jibu lake, nalijua: "Wenyeji wenyewe wanafanya hivyo." Wapo wanaofanya, ni kweli. Lakini nchi hii ina sheria ya mazingira tangu 2020, ina kikosi maalumu cha usalama wa mazingira, na kuwasha moto pasiporuhusiwa katika misitu na mbuga za taifa kuna faini ya mpaka riyali 3,000. Na kabla ya sheria hizo, Waarabu wa kale walikuwa na hima: malisho yaliyofungwa ili yapumzike, na watu wote wakajua kuwa hapa haingii mtu na mifugo yake. Sisi tunaopenda kutajiana asili kila tukikaa barazani, hilo la hima mbona hatulitaji?

Wasomaji wa Oman wanaikumbuka habari ya choroa, yule swala mweupe wa pembe ndefu. Alimalizwa porini mwaka 1972, na kilichommaliza ni bunduki juu ya gari. Wakati wa ngamia mwindaji alichoka kabla ya mnyama, gari halichoki. Ilibidi warudishwe kutoka kwenye mabustani ya wanyama na mazizi ya kuzalishia, Oman mwaka 1982, na hapa Saudia katika hifadhi ya Uruq Bani Ma'arid mwaka 1995. Walioishi na kuona wakitoweka walidhani jangwa ni kubwa mno, haliwezi kuisha.

Binti yangu anaishi Jeddah. Huko kosa ni lile lile, ila badala ya gurudumu ni mguu. Tulikwenda Obhur, mjukuu akaingia majini na miwani yake, na ilipoanza kuvuja akasimama kuirekebisha. Alisimama juu ya matumbawe. Kwetu pwani ya Tanga maji yakitoka unaona miamba yote, unajua unapokanyaga. Bahari ya Shamu pale Jeddah haipwi wala haijai kwa kiasi cha kuonekana. Matumbawe yako hapo hapo chini ya maji kidogo, mtoto anadhani ni mawe. Lile tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Alilolivunja kijana wa miaka tisa pengine lilimzidi umri babu yake.

Nilimkaripia, kisha nikaona haya. Nilifundisha miaka thelathini na ushei, mingi katika sekondari ya misheni, na kila mwaka nilipeleka wanafunzi pwani. Tulirudi na ndoo za kiti cha pweza, kombe na matawi ya matumbawe, tukavipanga kwenye rafu ya maabara. Wageni walisifu ile rafu, nami nikijivuna. Hakuna aliyeniuliza pale mwambani pamebaki nini. Leo kule Chumbe, Unguja, eneo lililohifadhiwa tangu 1994, wanafunzi hupelekwa kutazama tu, wala hawarudi na kitu.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni madogo. Gari lifuate njia iliyokwisha kupitiwa, hata ikiwa mbali. Mkaa au kuni za kutoka nje zinauzwa, zinunuliwe mjini, na moto uwekwe ndani ya sinia la chuma, siyo juu ya udongo. Watoto wavae jaketi la kuelea, ili wakichoka waelee badala ya kusimama. Nahodha wa boti aulizwe kabla ya safari anafunga wapi boti yake. Akisema anatupa nanga popote, tafuta mwingine.

Juzi shemeji amepiga simu, mvua zimekaribia, anataka kashta nyingine. Nikamwambia nakuja, ila magari yabaki barabarani, tuingie kwa miguu. Akacheka sana. "Mwalimu, na sufuria la mandi atabeba nani?"

Nimemwambia nitabeba mimi, yeye ashike upande wa pili.