Simu inayopima muhogo: koperative iweke masharti yake



Gari la watafiti likiondoka kijijini, hautakosa mtu wa kusema: «Bale ba univasite banakuyaka, banapiga picha, banaenda yabo.» Ni neno la uchungu, na si uongo mtupu. Siku hizi picha hizo ni za majani ya mihogo, na zinatumika kufundisha simu kutambua magonjwa. Kazi hiyo ni nzuri, na mimi ninaiunga mkono. Lakini haitatufaa sisi wa Haut-Katanga mpaka koperative yenyewe isimame katikati ya univasite na shamba, na iweke masharti.

Tuchukue mfano uliokwisha kupimwa. Nuru ni programu ya simu iliyotengenezwa na watafiti wa PlantVillage, wa univasite ya Penn State kule Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA iliyoko Tanzania. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona batobato, michirizi ya kahawia au alama za utitiri wa kijani. Wakati wa kupima haihitaji intaneti, kwa hiyo haili mega zako.

Mwaka 2017 watafiti hao walitangaza kwamba mashine iliyofundishwa kwa picha za mashamba ya Tanzania ilipata jibu sahihi mara 93 kwa 100. Wengi wangeishia hapo na kufungua chupa. Wao walirudi shambani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuwa mengine: programu ilipatia mara 65 kwa 100. Vipimo hivyo viwili havikufanywa kwa namna moja, lakini vinatuonyesha kwamba jibu la maabara na jibu la shamba si ndugu wa tumbo moja. Dalili zikiwa bado changa, mashine inapata shida, kama sisi wenyewe.

Basi tuicheke simu? Hapana, bwana. Katika kipimo kile cha 2020, mabwana shamba walipatia kati ya 40 na 58 kwa 100, na wakulima kati ya 18 na 31. Na ilipopimwa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, simu ilipanda mpaka kati ya 74 na 88. Hiyo kanuni ya majani sita haikutoka kwenye kompyuta. Ilipatikana kwa sababu watu walirudi shambani kuangalia kifaa kinafanyaje kazi mikononi mwa watumiaji.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu muhogo tunapanda vijiti. Nzi weupe wanaeneza batobato, ndiyo, lakini hata sisi tunaieneza tukikata vijiti kwenye mmea mgonjwa na kumgawia jirani kwa moyo mweupe. Simu ikisema «mzima» na mmea ni mgonjwa, kosa hilo halibaki kwenye simu. Linaingia shamba la kwanza, la pili, la tatu, na msimu unaofuata mizizi ni midogo na gunia halijai. Hapo ni chakula cha watoto na pesa ya masomo. Na simu ikisema «mgonjwa» na mmea ni mzima, mama anang'oa chakula chake bure.

Wengine wanasema shida ni wakulima kukataa mambo mapya. Mimi sikubali. Angalieni M-Pesa. Ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya watu kulipa mikopo midogo. Waliojaribu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Wenye kazi wakawasikiliza, wakabadilisha mpango, na mwaka 2007 ikatolewa kwa wote kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Leo nasi hapa Congo tunatuma pesa kwa simu, na pale kona ya njia kuna mtu wa kuuliza ukikwama. Kilichofanya kazi ni mambo mawili: mtumiaji alisikilizwa, na aliye karibu alikuwepo wa kusaidia. Programu nyingi za kilimo zinakosa yote mawili. Mradi ukiisha, simu inabaki na picha, na hakuna wa kuuliza.

Mchango wetu si mdogo. Kwa shindano moja la wataalamu wa kompyuta lililofunguliwa mwaka 2020, picha 21,367 za majani ya mihogo zilitoka Uganda. Nyingi zilipigwa na wakulima kwenye mashamba yao, kisha wataalamu wa taasisi ya mazao NaCRRI, pamoja na maabara ya Univasite ya Makerere, wakaandika kila jani lina nini. Wataalamu wa dunia nzima wakashindana juu ya picha hizo. Mwenye shamba ni mshiriki wa utafiti, na mshiriki ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo, wakija watafiti, wawe wa UNILU, wa INERA kule Kipopo au wa mbali, koperative iwapokee vizuri, iwape kiti, halafu iulize maswali manne:

1. Mashine hii ilifundishwa kwa mihogo ya wapi? Kama si ya kwetu, mtaipima lini kwenye mashamba yetu, msimu wa mvua na wa kiangazi?
2. Matokeo yatarudi kwetu lini, na kwa lugha gani? Kitabu cha Kifaransa cha kurasa mia hakitoshi.
3. Mradi ukiisha, nani atabaki kuitengeneza programu, na nani hapa karibu atajibu maswali?
4. Simu ikituambia mmea ni mgonjwa, vijiti safi tutavipata wapi?

Swali la nne ndilo kubwa. Kujua ugonjwa bila kuwa na mbegu safi ni kama kuambiwa una malaria na dawa hakuna.

Nasi tuna deni letu. Tuchague wanachama wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wa kushika simu ya kupimia. Wapime majani sita, si moja. Waandike kwenye daftari jibu la simu, jibu la bwana shamba, na kilichoonekana siku ya kuvuna. Daftari hilo likijaa misimu miwili, hakuna mtafiti atakayepita bila kuomba kulisoma, na hapo tutaongea naye kama mtu na mwenzake.

Kabla mvua haijaanza tunachagua vijiti vya kupanda. Katika mkutano ujao wa koperative, wekeni maswali haya manne kwenye ajenda, muandike majibu, na mwenye kalamu atie sahihi.