Mashine ya Figo na Mkono Usiopimwa

Hospitali ikipata mashine ya kusafisha damu, viongozi hukata utepe na picha hupigwa. Hakuna anayeuliza damu yenyewe itatolewa wapi mwilini. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa huunganishwa na mashine kwa kawaida mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara, na damu inayovutwa ni nyingi mno kwa mshipa mdogo wa dripu.

Njia inayodumu ilitangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao wa New York: mpasuaji huunga ateri na vena mkononi, vena ikatanuka kwa wiki kadhaa mpaka ikahimili sindano nene. Asiyeandaliwa mapema huwekewa mpira (katheta) kwenye mshipa wa shingoni. Mpira huo humwokoa wakati wa dharura, lakini ukikaa miezi huleta maambukizi kwenye damu, na unaweza kubana mishipa mikubwa ya kifuani, mkono wa upande huo ukaharibikiwa.

Ndiyo maana nasema kwa ukanda wa Geita, Kahama na Shinyanga: tunapodai mashine, tudai kwanza mikono ipimwe. Wala si lazima CT, ambayo dawa yake ya iodini inaweza kuziumiza figo zilizokwisha kuchoka. Altrasaundi yatosha, mradi iwe na Doppler, inayoonyesha mwendo wa damu, na kifaa cha kuangalia mishipa ya juujuu. Mpimaji hufunga mkanda juu ya kiwiko, akapanda taratibu kutoka kifundo cha mkono, akitafuta ateri ya walau milimita 2 na vena ya 2.5 hivi. Akibonyeza, vena iliyo nzima hufumba. Yenye damu iliyoganda hugoma.

Mchimbaji wa kwenye duara, yaani shimo la madini, mara nyingi mishipa yake imejitokeza, vidole vya daktari vikatosha. Yeye aulizwe anashika nyundo kwa mkono upi, maana unaoungwa ni ule mwingine, na baadaye usibebeshwe viroba vya mawe. Anayehitaji picha hasa ni mama mnene mwenye kisukari, aliyekwisha kuchomwa dripu kila mahali.

Pingamizi zito ni kwamba wapasuaji wa kazi hii ni wachache, na picha bila mpasuaji haimtibu mtu. Kweli. Lakini tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Geita hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, haingoji tena kivuko. Mgonjwa aende akiwa na vipimo vyake na tarehe ya upasuaji, badala ya kukimbizwa usiku akihema.

Wauguzi nao waanze leo, bila bajeti: mwenye figo dhaifu dripu yake iwekwe mgongoni mwa kiganja, sehemu ya mkono iliyo juu ya hapo iachwe. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023, wabunge wa kanda hii waulize kama kitita cha bima hiyo kinalipia kipimo cha mkono kabla mgonjwa hajafikia mashine.